Mninga Hushuka Kwanza

Mwezi wa saba, mninga ukiwa umekwisha pukutisha majani, matunda yake hubaki yananing'inia matawini kama vichapati vilivyoanikwa vikasahauliwa. Okota moja lililoanguka. Pembeni ni bawa la mviringo, jembamba na kavu kama karatasi; jina la kitaalamu la kundi la mti huu, Pterocarpus, kwa Kigiriki ni tunda lenye bawa. Katikati kuna kifundo kilichosimamisha miiba kama nungunungu aliyekasirishwa, na ikikuingia kidoleni utaitafuta kwa sindano mpaka taa ziwashwe. Tunda zima lina upana wa sentimita 8 hadi 15. Ndani ya kifundo, nyuma ya ukuta mgumu, imo mbegu moja, mara nyingine mbili. Anayeitaka ashike mkasi wa kupogolea, aondoe bawa, akate miiba, apasue kifundo bila kuijeruhi mbegu yenyewe. Matunda machache tu yatamlia asubuhi yake yote.

Ikishatoka, mbegu yenyewe haina kiburi. Ni ya kahawia, ina umbo la figo, urefu wake wapata sentimita moja. Kwaruza ganda lake kidogo, iloweke usiku kucha, ifukie kwenye mchanga wenye unyevu, na baada ya wiki chache utaona vichwa vya kijani vinainuka. Mtu aliyesikia kwamba mninga ni mti mgumu kuotesha atadhani aliongopewa.

Basi twende tukautafute msitu wa mninga uliopandwa. Misindano ipo Sao Hill, kule Mufindi, hekta kwa maelfu. Tiki, mti ulioletwa Tanganyika tangu enzi za Wajerumani, umesimama kwa mistari Mtibwa na Longuza. Mikaratusi imejaa kila kilima. Mninga, ambao kila bibi harusi wa bara aliwahi kuutamani kitandani na kila fundi seremala huutaja kwa heshima, hauna shamba la maana. Karibu mbao zake zote, za milango, makabati na majeneza ya wenye uwezo, zimetoka kwenye miti iliyojiotea yenyewe katika miombo ya Tabora, Katavi, Rukwa, Mbeya, Ruvuma na kwingineko. Ukivuka mipaka hali ni hiyo hiyo. Malawi huuita mlombwa, Zambia na Zimbabwe mukwa, Msumbiji umbila, Afrika Kusini kiaat. Majina yako mengi, mashamba hayapo. Novemba 2022 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua kuweka jamii zote za Pterocarpus za Afrika chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa, baada ya ndugu yake aitwaye mkurungu, mukula kwa Wazambia na Wakatanga, kukatwa kwa pupa na kusafirishwa China.

Kama mbegu inaota, kwa nini msitu hauoti? Swali hili limezoea kujibiwa kwa kulaumu mbegu: ganda gumu, tunda la miiba, panya. Majibu hayo yana ukweli wake, nami nitayapitia. Lakini nadhani yanatuangusha mahali pamoja: yanadhani kuota ndiko kazi. Kwa mninga kuota ni kubisha hodi tu.

Tuanze na mbegu hata hivyo, maana miti ya nchi za joto haikubaliani hata kidogo juu ya namna ya kuzaliwa. Shuka pwani, kwenye mikoko. Mkoko haudondoshi mbegu kabisa. Mbegu huota ikiwa bado juu ya mti, ikachomoza kama bakora ya kijani yenye urefu wa zaidi ya shubiri, ikanyonya kwa mama mpaka ikomae, ndipo ikaanguka. Maji yakiwa yametoka huchoma matopeni. Yakiwa yamejaa hueleaelea hata ipate ufuko. Mti unaoishi kwenye chumvi na mawimbi hauna nafasi ya kumwacha mtoto alale chini akisubiri.

Mwarobaini nao haulazi mbegu. Ziokote, ziweke kwenye gunia miezi kadhaa, uje uzisie: utaona chache tu zimeota. Mwaka 1973 Mwingereza E. H. Roberts aligawa mbegu za mimea katika makundi mawili ambayo kwa Kiswahili twaweza kuyaita tiifu na kaidi. Tiifu hukubali kukaushwa na kugandishwa, zikakaa miaka mingi. Kaidi, kama za kakao na embe, ukizikausha umeziua. Mwaka 1990 yeye na wenzake walilazimika kuongeza kundi la katikati, na mfano wao mkuu ulikuwa kahawa, jambo ambalo mkulima wa Bukoba au Kilimanjaro angewaambia bila maabara. Upande wa mbali kabisa wa utiifu uko mtende: kokwa iliyochimbuliwa kwenye ngome ya Masada, kando ya Bahari ya Chumvi, ilipandwa mwaka 2005 ikiwa na umri wa karibu miaka 2,000, ikaota.

Mbuyu na mkwaju ni walalaji wa aina nyingine. Maji hayapiti gandani. Mbegu ya mbuyu hungoja moto, au tumbo la mnyama, au miaka ya mvua na jua, mpaka ganda lichubuke. Kitaluni tunaiga kwa kisu, kwa maji ya moto, hata kwa asidi. Na hapa kuna kichekesho. Watu wengi huapa kwamba mbuyu hauna watoto, kwamba hakuna aliyewahi kuuona mbuyu mchanga. Wamewahi kuuona, tena wakaukanyaga. Majani ya mbuyu mdogo ni ya kawaida, moja moja; vidole vyake vitano au saba huja baadaye. Mtoto hafanani na mzee, basi hakuna anayemsalimu. Ukimng'oa, chini utakuta karoti nene nyeupe. Kumbuka karoti hiyo, tutairudia.

Mvule una shida iliyo kinyume na ya mninga. Tunda lake ni laini, mbegu ni ndogo kama vumbi la ulezi, na popo huzisambaza usiku bila gharama. Mche wenyewe ndio unaoandamwa: mdudu mdogo wa kundi la Phytolyma hutaga kwenye chipukizi, majani huvimba uvimbe wa kijani, uvimbe hupasuka, kuvu huingia, ncha ya mche hufa. Ukichipua tena, anarudi. Katika Afrika Magharibi mdudu huyu amevunja moyo vizazi vya wapanda miti.

Na miombo yenyewe, ile miti iliyolipa pori jina lake? Hiyo hailazi mbegu wala haiwategemei popo. Maganda hukauka mwishoni mwa kiangazi, joto likiyazidi yanapasuka kwa mlio kama kijiti kinachovunjwa, mbegu zinarushwa mita kadhaa. Mvua ya kwanza inazikuta chini, zinaota zote kwa pamoja. Anayepita Sikonge wiki mbili baada ya mvua za kwanza atakanyaga zulia la miche. Arudi mwaka unaofuata, atauliza zulia limekwenda wapi.

Mninga umekaa katikati ya hawa wote. Ganda la mbegu si gumu kama la mbuyu, lakini mbegu imefungiwa ndani ya ngome ya tunda. Matunda huanguka kidogo kidogo kiangazi kizima, baadhi yakangoja mvua ya mwaka mwingine. Mengine huliwa na panya. Mengine huunguzwa na moto wa nyasi, na moto huo hufanya kazi mbili zinazogombana: hukaanga mbegu nyingi, na hapo hapo huchoma miiba na kulegeza tunda kwa zile zilizobahatika kuwa pembeni ya ndimi zake. Tunda lililobabuka huruhusu maji kuliko zima. Katika mafungu ya matunda yanayoanguka chini ya mti mmoja, yanayotoa mche ni machache sana.

Kuota kwenyewe hakuhitaji maelezo marefu. Mbegu kavu ni kiinitete kilichopunguza pumzi karibu na sifuri. Maji yakiingia, chembe huvimba, vimeng'enya huamka na kuvunja akiba, upumuaji hupanda, mzizi mchanga hutangulia kutoka kwa sababu maji ndiyo haja ya kwanza. Kwa mninga ghalambegu mbili huinuliwa juu ya udongo, hufunguka, majani ya kweli hufuata. Hatari kubwa wakati huu ni ile inayojulikana na kila mwenye kitalu: kinyausi, ule ugonjwa wa kuvu unaokata miche shingoni usiku mmoja pale udongo unapokuwa na maji kupita kiasi. Dawa yake ni mchanga zaidi, hewa zaidi, mkono mwepesi wa kumwagilia. Kufikia hapo mwenye kitalu hujipongeza, akaandika kwenye daftari lake: imeota asilimia kadhaa.

Daftari lingefungwa hapo kama mti ungekuwa msindano.

Mche wa mninga uliojiotea porini mwezi wa kumi na mbili, ukiutazama mwezi wa nne, hautakuvutia. Una kimo cha kiganja, majani machache, shina jembamba kama njiti. Ung'oe, ukiweza. Hutaweza bila jembe, kwa maana mzizi mkuu umeteremka mara kadhaa ya kimo hicho na umeanza kunenepa kwa wanga. Mvua zinapokatika majani hugeuka manjano, yanadondoka. Kisha shina lenyewe hukauka, kuanzia nchani mpaka usawa wa udongo. Mwezi wa sita, juu ya ardhi, mche haupo. Mtu akihesabu ataandika umekufa.

Mwezi wa kumi au wa kumi na moja, shingo ya mzizi hutoa chipukizi jipya. Hukua kidogo zaidi ya mwaka jana, hukauka tena. Mwaka wa tatu vivyo hivyo, na wa nne. S. B. Boaler, mtaalamu wa misitu aliyeuchunguza mninga kwa undani nchini Tanzania na kuchapisha kazi yake London mwaka 1966, alieleza hatua hii ya maisha ya mti kwa uangalifu ambao bado haujapitwa sana. Hatua hii yaweza kuendelea miaka 10, mahali pengine zaidi. Muda wote huo kinachokua ni kile kisichoonekana. Kisha hufika mwaka ambao mzizi umejaza ghala la kutosha, na chipukizi la mwaka huo halifanani na mengine: hupanda moja kwa moja, nene, haraka, na kiangazi kikija halikauki. Mninga umeamua kuwa mti.

Ukitazama hesabu za maji utaona kwamba huu si uvivu. Tabora hupata mvua zake kati ya Novemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua tupu. Mche wenye majani ni kama tundu kwenye mtungi, kila jani linatoa maji yasiyorudi. Mti mkubwa unaweza kuvua majani ukabaki na shina. Mche ambao shina lake ni njiti hauna cha kulinda huko juu, hivyo huachilia mbali njiti na kuhifadhi ghala. Udongo wa miombo nao ni maskini, hasa wa fosforasi, na utajiri mdogo uliopo hauchumwi na mzizi peke yake. Peter Högberg, Mswidi aliyefanya kazi katika misitu ya Tanzania, alionyesha mwaka 1982 kwamba miti ya miombo yenyewe hushirikiana na kuvu wa aina ile inayovika ncha za mizizi kofia, ambao matunda yao ndiyo ule uyoga uuzwao kando ya barabara masika yakianza. Mninga hauko katika ushirika huo. Una kuvu wake wanaoingia ndani ya chembe za mzizi, na kama ndugu zake wengi wa jamii ya kunde una vinundu vya bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Anayechota udongo chini ya mti wowote wa porini kwa imani kwamba udongo wa msituni ni udongo wa msituni, huenda anauletea mninga marafiki wa mtu mwingine.

Mwaka 1976 Frank White, mtaalamu wa mimea wa Oxford, aliandika juu ya kile alichokiita misitu ya chini ya ardhi ya Afrika. Alikuwa akizungumzia mimea midogo ya nyanda za kusini mwa Kongo, Zambia na Angola, isiyofika gotini, ambayo chini yake ina magogo na mizizi mikubwa kama ya miti. Mingi ni ndugu wa miti tunayoijua. Mbura una ndugu wa namna hiyo, mfupi kama nyasi, mwenye matunda. White aliiona kama miti iliyozama ikaacha vichwa nje. Ukitazama kwa jicho hilo, mninga hupitisha utoto wake wote kama moja ya mimea hiyo, kisha huhama. Mibuyu ina karoti yake. Mpingo nao huungua, ukachipua, ukaungua, miaka nenda rudi kabla ya kusimama. Kuna wakati nadhani hatujawahi kuuona msitu wetu. Tumeona paa lake tu.

Jambo hili lina matokeo ambayo hayajaingia vizuri katika vichwa vya wapangaji. Katika pori la miombo kimo hakisemi umri. Kijiti cha magotini chaweza kuwa na miaka 2 au 15. Pori lililofyekwa likaonekana jeupe linaweza kuwa limejaa, na shamba lenye miche elfu mpya linaweza kuwa tupu.

Sasa moto, kwa sababu hakuna anayeongea juu ya utoto wa mti katika miombo bila kufika kwenye moto. Nyasi ndefu, miezi sita ya ukavu, warina asali, wawindaji, wafugaji wanaotaka majani mabichi, wakulima wanaosafisha: pori huungua karibu kila mwaka. Mche wa mninga hauuawi kirahisi na moto mmoja, maana kinachoungua ni kijiti ambacho kingekauka hata hivyo. Tatizo ni kutoka mtegoni. Chipukizi linalotaka kuwa mti lazima, katika msimu mmoja au miwili, lipandishe kichwa chake juu ya ndimi za moto na kunenepesha gome. Likichelewa, linateketezwa mpaka chini na mzizi unaanza upya, ukiwa umetumia akiba yake. Likichelewa mara nyingi, ghala linaisha.

Hapo tarehe ya moto inakuwa na maana kuliko moto wenyewe. Mwaka 1933 huko Ndola, Rhodesia ya Kaskazini ya wakati ule, vilianza viwanja vya majaribio ambavyo C. G. Trapnell alitoa matokeo yake mwaka 1959. Kiwanja kimoja kilichomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi chini. Kingine kilichomwa mwishoni mwa kiangazi. Kingine kilizuiwa moto kabisa. Kile cha moto wa mwishoni kiligeuka taratibu kuwa nyika ya nyasi yenye miti michache iliyozeeka. Kile cha moto wa mapema kilibaki msitu. Kile kisichoguswa kilianza kuziba kwa vichaka na miti ya kijani kibichi ya aina nyingine.

Matokeo ya kiwanja cha tatu ndiyo yanayosahaulika kwenye mabango ya kampeni. Ukiufungia moto pori kabisa, mninga haushangilii, maana mche wake hauvumilii kivuli, unataka jua. Ndiyo maana mara nyingi mininga michanga hukutwa kwa wingi kwenye mashamba yaliyolimwa zamani yakaachwa, pale ambapo mwanga upo na nyasi bado hazijashika. Yule mkulima wa kuhamahama, ambaye kila ripoti humtaja kama adui, amewahi kuwa mkunga wa mninga bila kujua. Sisemi aachiwe afyeke atakavyo, kwa kuwa mapumziko ya miaka 20 yamegeuka kuwa ya miaka 3 na ardhi haina tena nafasi ya kuachwa. Lakini atakayeandika historia ya mbao za karne iliyopita bila kumtaja mtu huyo ameacha ukurasa.

Moto wa mwezi wa tisa na wa kumi una ubaya wa pekee kwa mninga, kwa sababu ndio wakati mti unaotangulia mvua unapoanza kuchipua na kuchanua maua yake ya manjano. Moto wa mwezi wa sita hukuta kijiti kikavu. Wa mwezi wa kumi hukuta chipukizi laini ambalo mzizi umelitolea akiba ya miezi yote. Miezi minne hiyo kati ya kiberiti na kiberiti ndiyo tofauti ya kiwanja cha kwanza na cha pili kule Ndola.

Turudi kitaluni na haya yote mkononi. Kiriba cha plastiki cha kawaida kina kimo cha shubiri moja hivi. Kimetengenezwa kwa miche ambayo kazi yake ni kupanda juu: msindano, mkaratusi, mgrivea. Kwa hiyo mwenye kitalu hupima mafanikio kwa kimo na ukijani. Mninga ukiwekwa humo hupiga chini kwa wiki chache, ukagota kitako cha kiriba, ukaanza kujizungusha kama nyoka kwenye kibuyu. Akikumbuka kukata mizizi, amekata ghala. Asipokumbuka, mzizi unatoboa plastiki na kuingia ardhini, na siku ya kuhamisha utakatika mahali pabaya kuliko pote. Kiangazi kinapofika shina linakauka, kama lilivyoagizwa na asili yake, na mche unatupwa jalalani pamoja na viriba vilivyochanika. Mche ulikuwa hai. Hakukuwa na safu ya daftari ya kuandikia hivyo.

Zipo njia nyingine, na si siri. Kiriba kirefu husaidia kiasi. Kusia mbegu zilizobanguliwa moja kwa moja mahali mti utakapoishi husaidia zaidi, kwa kuwa mzizi haujui kuhamahama. Gharama yake huhamia kwenye kubangua, kupalilia nyasi zinazoleta moto, na kungoja. Tukiwa wakweli, hilo la mwisho ndilo linaloua mipango. Mradi una miaka 3 au 5. Mninga unaweza kuwa bado uko chini wakati mradi unaandika ripoti ya mwisho, na mtathmini anayepita kiangazi ataona ardhi tupu. Hakuna ofisa anayetaka kusimama mbele ya mgeni wa heshima akionyesha shamba lisiloonekana.

Mpingo umepata watetezi wenye subira. Marehemu Sebastian Chuwa wa Moshi, pamoja na Mmarekani James Harris, walianzisha mwaka 1996 mradi wa kuuhifadhi na kuupanda, na shule na vikundi vingi vya Kilimanjaro vilioteshewa miche kwa juhudi za mradi huo. Mbegu ya mpingo hurahisisha, kwani ganda lake ni jepesi kama karatasi na mbegu mbichi huota bila ubishi. Kule Kilwa njia ilikuwa nyingine: vijiji vilipewa mamlaka juu ya misitu yao kama Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavyoruhusu, na mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC cha kuvuna kwa utaratibu. Njia ya kwanza hupanda mti. Ya pili hulinda kile kilichojipanda. Mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100 kufaa kwa zumari za Ulaya, kwa hiyo anayeupanda leo hatauvuna kwa njia yoyote kati ya hizo. Kwa mninga, mimi niko upande wa Kilwa.

Nasema hivyo nikijua hesabu zinazotuzunguka. Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikawapa wananchi siku nzima ya mapumziko wakapande. Tanzania imeziagiza halmashauri zake kupanda miti milioni 1.5 kila moja kwa mwaka. Sina ugomvi na nia hizo. Nina ugomvi na kipimo. Mche hupata namba siku ya kupandwa, siku ambayo kwa miti ya miombo ndiyo isiyosema chochote. Agizo la namba huchagua aina bila kusema limechagua: atakayetakiwa kuonyesha miche milioni itakayokuwa hai mwakani atachukua mti wa kigeni unaopanda haraka, na atakuwa na haki. Mninga, mpingo na mkongo haishindwi shambani. Hushindwa kwenye fomu.

Kuna watu ambao wamegeuza hesabu. Huko Niger, kuanzia miaka ya 1980, Mwaustralia Tony Rinaudo, akiwa amechoka kupanda miche inayokufa mchangani, alitambua kwamba vichaka alivyovipita kila siku ni visiki vyenye mizizi hai, akawashawishi wakulima wapogoe chipukizi badala ya kupanda. Eneo lililofunikwa na miti kwa namna hiyo nchini humo limekadiriwa kufikia hekta milioni 5. Dodoma njia hiyo inaitwa Kisiki Hai, na sijui jina bora kuliko hilo. Wasukuma hawakuhitaji kuambiwa: ngitili, ile sehemu ya malisho inayofungwa masika ili ng'ombe waikute kiangazi, ilikuwa kwao kabla ya neno uhifadhi, na mradi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulifanya jambo la busara la kuitambua na kuipa nguvu. Miti ikarudi mahali palipoitwa jangwa. Haikurudi kutoka kwenye viriba. Ilikuwepo chini, ikisubiri ng'ombe na moto vichelewe miezi michache.

Linabaki swali ambalo wavunaji huuliza: mninga huu una miaka mingapi? Kwa bahati nzuri ni mmojawapo wa miti ya nchi za joto inayoweka mviringo mmoja kwa kila mwaka, kwa sababu kiangazi huusimamisha kabisa. Watafiti walithibitisha hilo Zimbabwe na kuchapisha mwaka 1999. Kwa hiyo unaweza kupiga magoti kwenye kisiki kipya, utomvu mwekundu ukiwa bado unachuruzika kama damu, ukahesabu kutoka gome hadi kiini: 80, 90, 95. Lakini mviringo wa katikati kabisa ni wa mwaka ule shina lilipokataa kukauka. Miaka iliyotangulia, ya vijiti vilivyopanda na kufa, haimo katika hesabu hiyo. Haikuandikwa kwenye shina lolote lililobaki. Ilikuwa kwenye mzizi, na mzizi wa mti uliokatwa, ukiufukua baada ya masika mawili, utakuta mchwa wamekwisha ufikia.